Mwanafunzi Kazini ni Amana, Si Tarishi

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyokusudiwa kwa walimu na watumishi wa umma wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, ambao shule na ofisi zao hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.)



Kila mwaka vyuo vinapofunga masomo, huonekana katika mabaraza ya ofisi za Kinondoni na Temeke vijana waliovaa nguo zao zilizo bora, kila mmoja na bahasha mkononi. Wametoka Mbagala, Tandika, Yombo, Mwananyamala na Tandale. Wengine wamekuja kutoka mikoani nao wamefikia kwa shangazi au kwa mjomba. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo inayoomba kwamba aliyeileta apokewe kwa mafunzo ya vitendo kwa muda wa wiki kadhaa, aoneshwe kazi, asimamiwe, na mwishoni apewe alama kwa haki.

Barua hiyo ni fupi, na kwa ofisi ni karatasi moja zaidi miongoni mwa karatasi nyingi zilizomo katika trei. Lakini kwa kijana ni mlango. Tangu alipoanza darasa la kwanza amekuwa akiulizwa maswali ambayo mwuulizaji tayari anayajua majibu yake. Sasa, kwa mara ya kwanza, anakwenda mahali ambapo maswali ni ya kweli, ambapo mwananchi yupo dirishani anangoja, na jibu lisipopatikana kuna mtu atakayeumia.

Kwa hiyo swali la mazungumzo haya ni moja tu. Kijana huyo akisha kumaliza wiki zake nane, anaondoka na nini? Ni dhahiri kwamba jibu haliwezi kutolewa na chuo peke yake. Kwa sehemu kubwa hutolewa na yule mtumishi au mwalimu aliyemwambia, "Karibu, keti hapa." Mwanafunzi aliyeletwa kazini ni amana iliyowekwa mikononi mwa mtu, na amana ina siku yake ya kudaiwa.

DENI LINA PANDE MBILI

Mjadala juu ya msomi na kazi si mpya katika mji huu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichopo mlimani, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Miongoni mwa yaliyowaudhi ni sharti la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi 18. Mwalimu Nyerere alikutana nao Ikulu, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao wapatao 400. Wengi waliruhusiwa kurejea masomoni baadaye.

Tukio hilo hukumbukwa zaidi kwa upande mmoja, yaani deni la msomi kwa wakulima na wafanyakazi waliomlipia karo. Upande wa pili husahauliwa. Papo hapo mbele ya wanafunzi hao, Mwalimu alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Yule aliyewadai vijana alianza kwa kujidai mwenyewe. Hapo pana fundisho kwa kila mtu mzima anayemsimamia kijana kazini, kwani haiwezekani kumtaka mwanafunzi awe na bidii, uaminifu na kuwahi kazini, hali msimamizi wake anafika saa nne na kuondoka saa nane.

Mwezi Machi 1967 kilitolewa kijitabu cha "Elimu ya Kujitegemea". Kilieleza wazi kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilimtenga mtoto na jamii yake, ikamfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na ikamfundisha kuudharau ujuzi wa wazee ambao hawakupata kukaa darasani. Mwezi Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla hajaingia chuo kikuu, na mahali pake pa kazi patoe ushahidi wa tabia na juhudi zake. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa, na hatimaye ukaachwa. Katika miaka hiyo hiyo, ili kutimiza lengo la elimu ya msingi kwa wote, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko walikofanya kazi, wakifundisha saa chache na kusomeshwa saa zilizobaki.

Watu wamebishana kwa miaka mingi juu ya matunda ya mipango hiyo, na kila upande una hoja zake. Lakini liko jambo moja lisilobishaniwa: mwanagenzi hawezi kujilea mwenyewe. Mpango ukiwa mzuri namna gani katika karatasi, usipokuwa na mtu mzima wa kuubeba pale chini, huishia kuwa orodha ya majina.

KAZI HURITHISHWA KWA MKONO

Anayepita Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Pugu, huliona jengo kubwa la stesheni ya TAZARA upande wa Temeke. Kutoka hapo reli yenye urefu wa kilometa 1,860 inakwenda mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, nayo ikakabidhiwa kwa nchi mbili zenye reli hiyo mwezi Julai 1976. Wakati ujenzi ukiendelea, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli, wakarejea mwaka 1975. Lakini wengi zaidi hawakupanda ndege kwenda kokote. Walijifunza palepale kwenye tuta la reli, kwa kuutazama mkono wa fundi wa Kichina na kurudia alichokifanya, kwani mara nyingi fundi na mwanafunzi hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Fundi alifanya, mwanafunzi akatazama; mwanafunzi akafanya, fundi akatazama. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Utaratibu huo bado unafuatwa katika kazi ambazo kosa lake ni kubwa. Katika hospitali za Mwananyamala na Temeke wapo madaktari tarajali. Hao wamekwisha soma udaktari miaka mitano na kufaulu mitihani yote, lakini wanatakiwa kufanya kazi mwaka mzima chini ya madaktari waliowatangulia kabla ya kuachiwa wagonjwa wao wenyewe. Hali kadhalika wahandisi. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu kazini kwa miaka mitatu, kila mmoja chini ya mhandisi mlezi, huku wakitoa taarifa za maandishi za kazi walizofanya, ndipo waombe kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu. Baadaye mpango huo ulipata msaada wa Norway ili wahandisi wanawake wengi zaidi waufaidi. Na mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na ya mafunzo ya uzoefu kazini, ili jambo hili lisiachwe kwa hisani ya mtu mmoja mmoja.

Mipango hiyo yote, ikitazamwa kwa makini, ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kazi halisi, yaani kazi ambayo isipofanyika pengo litaonekana. Ya pili ni mlezi anayejulikana kwa jina, ambaye anaweza kuulizwa. Ya tatu ni kumbukumbu ya maandishi ya kile kilichofanyika na kile kilichoharibika. Nguzo moja ikiondolewa, mafunzo hugeuka kuwa matembezi.

MASJALA MBILI

Na achukuliwe msichana wa mfano, mkazi wa Tandika, anayesomea utunzaji wa kumbukumbu. Mama yake anauza maandazi. Nauli ya wiki nane imepatikana kwa kubanwa kutoka mfuko wa unga. Msichana huyo anapelekwa katika ofisi moja ya umma, naye anaingizwa masjala.

Katika ofisi ya kwanza, anaambiwa aketi. Anaketi siku mbili. Siku ya tatu anatumwa chai na chapati. Siku ya nne anapewa rundo la karatasi atoe nakala, bila kuambiwa ni karatasi za nini. Wiki ya pili amekwisha kuwa tarishi wa watu sita, na kila mmoja anamwita "we binti" kwa kuwa hakuna aliyeshika jina lake. Wiki ya mwisho ikifika, msimamizi anakichukua kitabu chake cha kumbukumbu za kazi, anatia saini kurasa zote kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu moja, anapiga mhuri, na kumpa alama 85.

Wako watakaosema kwamba msichana huyo hakujifunza kitu. Kwa hakika wanakosea. Amejifunza mengi sana. Amejifunza kwamba kazi ni kuonekana umefika. Amejifunza kwamba mhuri waweza kugeuza uongo ukawa hati. Amejifunza kwamba mwananchi aliye dirishani ni msumbufu anayekatiza mazungumzo. Miaka mitatu baadaye atakapoajiriwa na kuwatendea wananchi vile vile, watu watasema vijana wa siku hizi wameharibika. Lakini alifunzwa, tena kwa fedha ya umma.

Katika ofisi ya pili, masjala iko chini ya karani mkongwe aliyebakiza miaka michache astaafu. Siku ya kwanza anamuuliza msichana jina lake, anatokea wapi, na anasoma nini. Kisha anamwonesha safari ya barua: ikifika hufunguliwa, hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, hupewa namba ya folio, huwekwa katika jalada lake, hupelekwa kwa afisa anayehusika, na hurejea ikiwa na dokezo. "Barua," anamwambia, "ni mtu. Ukiipoteza, umempoteza mtu njiani."

Wiki ya pili anaachiwa daftari alijaze mwenyewe. Wiki ya tatu anakosea. Barua ya mwalimu mstaafu wa Mbagala, anayefuatilia mafao yake, ameiweka katika jalada la mtu mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Mzee anafika dirishani, tena si mara ya kwanza. Barua haionekani.

Hapo ndipo mafunzo yanapoanza barabara. Karani hapigi kelele, wala hamfichi msichana kwa kumwambia mzee arudi wiki ijayo. Anamketisha msichana mbele ya daftari na kumwambia aifuate barua hatua kwa hatua tangu siku ilipoingia. Inawachukua saa mbili. Barua inapatikana. Kisha karani anafanya jambo ambalo wengi wangeliona dogo: anamwambia msichana aende dirishani yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," anasema msichana. "Barua yako niliiweka katika jalada lisilo lake. Kosa ni langu. Imekwisha pelekwa kwa afisa sasa hivi, na namba yake ni hii hapa."

"Marahaba, binti," anajibu mzee. "Miaka yote ninayozunguka maofisini, hajatokea mtu akaniambia kosa ni lake."

Jioni ile karani anaandika katika kitabu cha msichana maneno manne: "Alikosea, akatafuta, akapata, akakiri." Alama yake ya mwisho haikuwa 85. Ilikuwa 71, na msichana alijua kila alama moja ilitoka wapi na ile iliyokosekana ilikwenda wapi.

Huo ni mfano tu, lakini kila mtumishi aliyekaa maofisini ataitambua ofisi ya kwanza, na wenye bahati wataitambua ya pili. Kukua kwa mtu hakuonekani katika karatasi ya matokeo. Huonekana katika sauti yake anaposema na mkubwa wake bila kutetemeka na bila kiburi; katika kumaliza kazi aliyoianza hata kama hakuna anayemwangalia; katika kutunza siri ya jalada alilolisoma; na zaidi ya yote, katika uwezo wa kusema "kosa ni langu" na kesho yake kurudi kazini. Hakuna mhadhara unaoweza kutoa mambo hayo. Hutolewa na mtu anayekuamini kiasi cha kukuachia kazi, na anayekuheshimu kiasi cha kukuambia ukweli.

MWALIMU ANAPOMPOKEA MWALIMU

Jambo hili linawahusu walimu kwa namna ya pekee, kwani wao hupokea wanafunzi wanaosomea ualimu. Chang'ombe, katika Temeke, palikuwa na chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2005 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Shule za pande hizi zimezoea kuwaona vijana wakija na maandalio ya masomo chini ya kwapa.

Na isemwe bila kuficha. Zipo shule ambako kufika kwa mwanafunzi wa mazoezi ya kufundisha ni habari njema kwa sababu isiyo njema. Anakabidhiwa vipindi vyote vya mwalimu mwenyeji, na mwalimu mwenyeji haonekani tena mpaka mazoezi yaishe. Kijana wa miaka 22 anasimama peke yake mbele ya darasa lililofurika, watoto wamebanana watatu na wanne kwenye dawati moja, chaki imekwisha, na hana wa kumuuliza. Akiweza, inasemwa ana kipaji. Akishindwa, inasemwa hafai. Kwa kweli hajapimwa ualimu wake. Amepimwa uwezo wake wa kuogelea baada ya kutupwa majini.

Zipo pia shule za namna ya pili, ambako kijana hupewa kiti katika chumba cha walimu na kazi ya kusahihisha madaftari ya wengine, kwa hofu kwamba ataharibu masomo. Huyo naye ameibiwa.

Mwalimu mlezi wa kweli hufanya jambo gumu kuliko hayo mawili. Hukaa nyuma ya darasa, kimya, na karatasi mkononi. Kijana anapokosea hamkatizi mbele ya watoto, kwani mwalimu aliyeaibishwa mbele ya darasa lake amekwisha vuliwa joho kabla hajalivaa. Humngoja mpaka kengele, humchukua kando chini ya mti, na kumwambia: "Uliuliza maswali tisa, na yote tisa yalijibiwa na watoto wanne wa mbele. Kesho anza na wa nyuma." Ushauri kama huo hauzidi dakika tano. Lakini kijana aliyeupata ataubeba miaka thelathini, mpaka naye atakapokaa nyuma ya darasa la mwingine.

VISINGIZIO NA MAOVU

Hapana budi kuzijibu hoja za wanaosita, kwani baadhi yake zina uzito.

Inasemwa kwamba ofisi zina kazi nyingi na hakuna nafasi ya kulea mtu. Ni kweli kwamba wiki mbili za kwanza mwanafunzi huongeza kazi. Lakini aliyefundishwa vizuri katika wiki hizo mbili huzilipa katika sita zinazobaki. Asiyefundishwa huwa mzigo wiki zote nane, kisha wimbo ukawa kwamba wanafunzi hawana maana.

Inasemwa kwamba nyaraka za serikali zina siri. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kupanga. Ziko kazi nyingi halisi zisizogusa siri, na kwa zile chache zinazogusa, mwanafunzi afundishwe kanuni za kutunza siri kama anavyofundishwa mtumishi mpya. Kumtunza mtu asijue siri si sawasawa na kumfunza kuitunza.

Inasemwa tena kwamba vijana wa sasa hawabanduki kwenye simu, hawaamkii wakubwa, na wanataka cheti bila jasho. Wapo wa namna hiyo. Lakini simu hushikwa na mkono usio na kazi. Na samaki hukunjwa angali mbichi. Wiki hizo nane ndizo ubichi wenyewe. Anayekaa akilalamika kwamba samaki amekauka, ajiulize alikuwa wapi alipokuwa bado anakunjika.

Liko ovu ambalo si la kujibiwa kwa hoja, bali la kukomeshwa. Nafasi ya mafunzo hutafutwa kwa shida, na penye shida hutokea wenye kuuza. Wako wanaodai chochote ndipo barua ipokewe, na wako wanaomtaka msichana mwili wake ndipo apewe saini au alama. Ieleweke kwamba kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mtumishi anayefanya hivyo anaiba mara tatu: anamwibia binti heshima yake, anaiibia ofisi imani ya wananchi, na analiibia taifa mtumishi mwema ambaye angepatikana. Na mwenzake wa meza ya pili anayejua na kunyamaza ameshika ngazi wakati mwizi anapanda.

YANAYOPASA KUTENDWA

Ndugu walimu na watumishi, haja ya walezi inaongezeka. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwezi Januari 2024, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, umeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Maana yake ni kwamba watakaotafuta mahali pa kujifunzia kwa vitendo hawatakuwa tena wa vyuo peke yao. Watakuja pia vijana wadogo wa sekondari, waliochagua ushonaji, umeme, kilimo au useremala.

Kwa bahati njema, pande hizi za mji hazina upungufu wa walimu wa amali, ila wengi wao hawaitwi walimu. Maseremala wa Keko wamekuwa wakilea wanagenzi kwa muda mrefu, bila barua wala mhuri: kijana huanza kwa kufagia maranda na kupiga msasa, akapanda hatua kwa hatua mpaka akaaminiwa kukata mbao ya mteja. Hatua chache kutoka hapo, Chang'ombe, kipo chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. VETA pia ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini, ili ujuzi wake utambuliwe. Mwalimu wa sekondari wa Temeke anayetaka mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake hana sababu ya kungoja waraka. Atembee, akutane na mafundi, awaheshimu kama walimu wenzake, na aandikiane nao masharti ya usalama wa watoto.

Kwa ofisi na shule zote, mambo manne yanawezekana bila kuongeza hata shilingi moja katika bajeti. Kwanza, kabla mwanafunzi hajafika, atajwe mlezi wake kwa jina, na jina hilo liandikwe katika barua ya kumkubali. Pili, apewe kazi moja halisi itakayokuwa yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa ndogo, ili siku ya kuondoka aweze kuinyooshea kidole na kusema, "Ile niliifanya." Tatu, kitabu chake cha kumbukumbu kisainiwe kila Ijumaa mbele yake, na lisiandikwe neno la sifa ambalo mlezi hawezi kulithibitisha. Nne, juma la mwisho mwanafunzi naye aulizwe ameona nini kinachoweza kurekebishwa katika ofisi hiyo. Macho mapya huona vumbi ambalo wenyeji wamekwisha lizoea.

Vyuo navyo vina wajibu wao. Msimamizi wa chuo anayefika kazini mara moja kwa muda wa nusu saa, akapokea soda na kuondoka, hajasimamia. Na mwanafunzi mwenyewe ana wajibu usiopungua: awahi, aulize, aandike, na asione haya kushika ufagio pale ambapo kila mtu anashika ufagio. Kutumwa chai si dhuluma ikiwa wote hutumana kwa zamu. Dhuluma ni pale chai inapokuwa ndiyo somo lote.

Hakuna mtumishi aliyezaliwa akijua kuandika dokezo, wala mwalimu aliyezaliwa akijua kulituliza darasa. Kila mmoja ana mtu fulani aliyempokea: mkuu wa masjala aliyemsahihisha bila kumdhalilisha, mwalimu mkuu aliyemkabidhi darasa na kumwambia asiogope. Pengine mtu huyo amekwisha staafu yuko kijijini, au amekwisha kufa, na hakuna namna ya kumrudishia fadhila zake.

Namna iko. Imesimama barazani asubuhi hii, imevaa shati iliyopigwa pasi, na ina bahasha mkononi.